Baba mdogo, hii kazi ina maisha?

Ujumbe wa sauti uliingia nikiwa getini na rundo la hati za mizigo mkononi. Mtoto wa kaka yangu.

"Shikamoo baba mdogo. Nimepata mtu anataka kunipa trela, safari za mbali. Leseni ya magari makubwa ninayo. Ila kabla sijamjibu nataka nikusikie wewe, maana unashinda na madereva kila siku. Hii kazi ina maisha?"

Nikainua macho. Malori yalikuwa yamefuatana kutoka getini hadi konani. Dereva wa lori la tatu alifika kabla hakujapambazuka. Nilimkuta pale nilipoingia kazini. Sasa jua lilikuwa utosini. Alikuwa amelaza kiti, mlango wazi apate hewa, na kila foleni iliposogea aliamka, akawasha injini, akasubiri upepo wa breki ujae, akasogea urefu wa lori moja, akazima, akalala tena.

Nikamjibu kijana: "Marahaba, mwanangu. Nipe muda nilitafakari."

Muda huo umekula wiki kadhaa.

## Jibu lililotangulia

Kilichonijia kwanza kilikuwa kumkataza. Nadhani mzazi yeyote angeanzia hapo. Unamwona mtoto uliyemshika mkono kumvusha barabara, halafu unaambiwa atakuwa anashinda barabarani na tani arobaini nyuma ya mgongo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Nilitaka kumtumia takwimu hiyo peke yake, bila maelezo, nimalize mjadala.

Lakini nilipoitazama vizuri niliona hainijibu swali langu. Zaidi ya nusu ya watu hao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Lori linapogongana na gari dogo, wengi wanaokufa ni wale wa gari dogo. Aliye juu kwenye kabini mara nyingi anabaki hai.

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika sura. Nilikuwa nikiogopa kumzika, kumbe lililo karibu zaidi ni yeye kuishi na picha ya watu aliowaua, pengine bila kosa lake, pengine kwa sekunde mbili za kusinzia. Madereva hawalizungumzii sana jambo hili. Nimemsikia mmoja tu akilitaja, tena alipokuwa akieleza kwa nini alihama njia fulani na hataki kuipita tena. Hakuna aliyempa likizo, wala hakuna aliyemuuliza analalaje.

Ukimwajiri mtu kwa kazi inayoweza kumfikisha hapo, unawajibika kumpa usingizi wa kutosha. Hilo kwangu si la kujadiliwa.

## Mzee na nondo yake

Kuna dereva mmoja mtu mzima ambaye sote pale ghalani tunamwita Mzee, na yeye ananiita karani. Nilimuuliza waziwazi: "Mzee, ungerudishwa ujanani, ungeishika tena kazi hii?"

Hakujibu. Alichukua kipande cha nondo chini ya kiti akashuka, akaniita kwa kidole.

Tukalizunguka gari lake. Kila tairi alilipiga mara moja. Tairi lenye upepo linaikataa nondo, inarudi juu na mlio wa kukaza. Tulipofika kwenye matairi ya nyuma yaliyopachikwa mawilimawili, alipenyeza nondo hadi kwenye lile la ndani, akapiga, na mlio ukawa mzito, umekufa. Kwa macho usingeona kitu, kwa sababu la nje lilikuwa limelibebea mwenzake mzigo. "Hili la nje lingepasuka njiani kwa joto," akasema, "na watu wangesema ni bahati mbaya."

Kisha akasogeza mgongo wa kiganja karibu na habu, yaani kitovu, ya kila gurudumu bila kuigusa. Habu moja ikiwa na joto kuliko wenzake, ama breki inashika au beringi inaisha. Akakagua mikanda ya kufungia mzigo, akavuta mmoja, akaukaza upya.

Alipomaliza ndipo akanijibu. "Gari nalipenda, karani. Njia naipenda. Nikiwa natembea sina neno na mtu." Akaigusa ardhi kwa ncha ya nondo, pale pale kwenye foleni yetu. "Kinachonimaliza ni hapa."

Kwa maneno hayo ndipo nilipoanza kulielewa swali la kijana.

## Nani analipia kusubiri?

Madereva wengi wa masafa marefu duniani wanalipwa kwa safari au kwa umbali. Gurudumu likizunguka, hela inaingia. Gurudumu likisimama, hela nayo inasimama. Lakini kazi haisimami. Kupanga foleni ni kazi. Kulinda mzigo usiku ni kazi. Kukesha mpakani ukingoja muhuri ni kazi. Kubadilisha tairi kwenye mvua ni kazi.

Saa hizo zote anazilipa nani?

Anazilipa dereva, na anazilipa mara mbili. Kwanza kwa hela ambayo haikuingia. Halafu, akishatoka getini jioni badala ya asubuhi, tajiri wake bado anautaka mzigo kesho saa ileile, kwa hiyo saa zilizopotea kwetu zinafidiwa barabarani, ama kwa kukaza mguu au kwa kukata usingizi. Ile ajali ya alfajiri inayosemwa kwamba dereva alisinzia inaweza kuwa ilianza mchana wa jana yake, kwenye geti la ghala, na karani kama mimi akiwa na kalamu mkononi.

Nimelifikiria hilo kuliko jambo jingine lolote katika makala hii.

Wala si jambo la nchi maskini tu. Marekani ilipotunga mwaka 1938 sheria ya malipo ya muda wa ziada, madereva wanaobeba mizigo kati ya majimbo waliachwa nje ya haki hiyo, na hadi leo wengi wao bado wako nje. Mchumi Michael Belzer wa huko ametumia miaka mingi kuonyesha jinsi malipo duni na saa zisizolipwa zinavyokwenda pamoja na ajali. Umoja wa Ulaya nao uliliona: kanuni yake namba 561 ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inakataza kumlipa dereva kwa umbali, kwa haraka ya kufikisha au kwa wingi wa mzigo pale malipo ya namna hiyo yanapohatarisha usalama barabarani. Sheria nzima imekubali kwamba namna ya kulipa ni sehemu ya breki.

Kuna kisa kinachonifurahisha hapa. Malcom McLean, Mmarekani aliyeanza kama dereva wa lori lake mwenyewe, alisimulia kwamba mwaka 1937 alikaa bandarini siku nzima akingoja marobota ya pamba yapakuliwe moja moja, akajiuliza kwa nini lisinyanyuliwe boksi zima pamoja na vilivyomo. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makasha 58, na huo ukawa mwanzo wa biashara ya makontena kama tunavyoijua. Uchungu wa kusubiri ulibadilisha bandari za dunia nzima.

Meli siku hizi hazisubiri kama zamani. Dereva bado anasubiri.

## "Madereva hawapatikani"

Wanaomshawishi kijana wana hoja moja nzito, kwamba kazi ipo. Na kweli ipo. Mwaka 2023 IRU, umoja wa kimataifa wa usafirishaji wa barabarani, ulitangaza kwamba katika nchi 36 ulizozichunguza nafasi zaidi ya milioni tatu za udereva wa malori zilikuwa wazi, sawa na asilimia 7 ya nafasi zote, na kwamba vijana wanaoingia ni wachache huku wazee wakistaafu.

Niliposoma hivyo nilikaribia kumpigia simu nimwambie achangamkie. Fani inayolilia vijana ni adimu nyakati hizi.

Kilichonizuia ni utafiti mwingine. Mwaka 2019 wachumi Stephen Burks na Kristen Monaco walilichunguza soko la ajira za udereva Marekani, ambako kilio cha uhaba kimesikika kwa miongo, wakakuta soko hilo linafanya kazi kama masoko mengine ya ajira: mshahara ukipanda, watu wanakuja. Wanaohangaika zaidi kupata madereva ni kampuni kubwa za masafa marefu, na huko tatizo ni kwamba watu wanaingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Kuna miaka ambayo idadi ya madereva walioziacha kampuni za aina hiyo ndani ya miezi kumi na miwili ilikaribia idadi ya nafasi zote.

Kwa hiyo nafasi iliyo wazi haikwambii lolote mpaka ujue aliyekuwepo aliondoka kwa nini.

## Mwili

Hapa nitasema wazi, kwa sababu kijana ana umri ambao mwili bado unasamehe.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya na usalama kazini, iliwahoji madereva wa masafa marefu mwaka 2010. Asilimia 69 walikuwa na unene uliopindukia, zaidi ya mara mbili ya wafanyakazi wengine wazima, na zaidi kidogo ya nusu walikuwa wavutaji wa sigara. Kukaa saa nyingi, kula kinachopatikana saa isiyoeleweka, usingizi wa mang'amung'amu, haya yakikaa pamoja miaka kumi yanakuwa kisukari na presha. Unene huo nao huleta maradhi ya kukatika pumzi usingizini, ambayo humfanya mtu aamke amechoka hata kama amelala usiku kucha, naye hajui kwa nini anasinzia mchana.

Halafu kuna moshi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Anayelala kwenye kabini katikati ya malori yanayonguruma usiku mzima anauvuta huo.

Dawa ya sehemu kubwa ya haya inajulikana, nayo ni kuwekea kikomo saa za kuendesha. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, asizidishe saa tisa kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate angalau saa kumi za mapumziko kila siku. Nchi zilizouridhia ni chache mno. Ulaya wanalazimisha dakika 45 za kupumzika baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na tangu 2020 mwajiri anatakiwa apange safari ili dereva aweze kurudi nyumbani au kwenye kituo chake cha kazi angalau kila baada ya wiki nne, tena yale mapumziko makubwa ya wiki, ya saa 45, hayaruhusiwi kulaliwa ndani ya kabini.

Nilipofika kwenye hicho kipengele cha kurudi nyumbani nilisimama. Kijana ana mtoto mdogo. Madereva niwajuao wanawalea watoto kwa simu, na wanalijua hilo, na linawauma. Mmoja aliniambia mwanawe humpa simu mama yake baada ya dakika moja kwa sababu hana cha kumwambia baba. Sikupata la kumjibu, na sidhani kama kuna posho inayolifidia.

## Mlimani

Ingekuwa ni hayo tu, ningemwambia aachane nayo. Lakini nimekaa na watu hawa, na sitakubali waonekane kama watu waliokosa pa kwenda.

Muulize dereva yeyote wa gari zito, atakwambia kupanda si kazi, kazi ni kuteremka. Ukikanyaga breki kwenye mteremko mrefu, kila mita unayoshuka inageuka joto ndani ya ngoma za magurudumu. Ngoma ikipata moto inatanuka, inajitenga na bitana, kile kipande cha breki kinachoisugua, na unakanyaga pedali hadi mwisho gari bado linakwenda. Ndiyo maana anayejua kazi hushusha gia kabla ya mteremko kuanza, akaacha injini imshike, na kugusa breki kwa vipindi. Akisubiri hadi gari lishike kasi, gia ya chini haitaingia tena. Uamuzi ulifanyika juu kule, kabla mtu yeyote hajaona hatari.

Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli, aliijua hofu hiyo mwaka 1931. Alikuwa akishuka njia ya mlimani ya Cajon Pass huko California katika safari ya kuvuka Marekani kwa lori, breki zikaisha, na chini kwenye makutano treni ya mizigo ilikuwa inapita. Behewa la mwisho lilipita naye akapita. Hakuisahau siku ile. Baada ya kustaafu alibuni njia ya kuigeuza injini yenyewe iwe breki, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza. Dereva anapobonyeza swichi ya breki ya injini leo, anafaidi woga wa mtu mmoja uliozaa maarifa.

Huo ni ufundi. Kurudisha trela nyuma, ambapo unakata usukani kinyume na unakotaka mkia uende, ni ufundi. Kupanga mzigo usije ukahama kwenye kona ni ufundi. Nimewaona vijana wakija na leseni mpya wakashindwa kuingiza mkia kwenye mlango wetu, na Mzee akaiingiza mara moja kwa kutazama kioo kimoja. Kuna heshima humo ambayo kazi nyingi za mezani hazina, ikiwemo yangu.

## Gari lisilo na dereva

Kijana aliniuliza na hili, maana hakuna kijana asiyeliwaza. Oktoba 2016 lori la kampuni ya Otto lilisafirisha bia huko Colorado kiasi cha kilomita 190 za barabara kuu huku dereva akiwa ametoka kwenye usukani, na wengi wakasema fani imekwisha. Mwaka 2025 kampuni nyingine ya malori yanayojiendesha, Aurora, ikaanza kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston bila mtu kwenye usukani. Wiki chache baadaye ikamrudisha mtu kwenye kiti kwa ombi la mtengenezaji wa lori.

Naamini mashine hizo zitakuja, na zitaanza na njia zilizonyooka zenye mistari iliyochorwa vizuri. Zitachelewa sana kufika mahali ambapo mtu anagonga tairi kwa nondo na kubishana na karani getini. Kijana wa miaka yake ana muda, na akijifunza pia kupanga safari, kusoma hati za mizigo na kusimamia magari, atakuwa na pa kuhamia. Sitamzuia kwa sababu hiyo.

## Nilichomwambia

Nilimpigia Jumapili, tukaongea mpaka simu ikapata moto.

Sikumpa ndiyo wala hapana. Nilimwambia arudi kwa huyo mtu na swali moja kabla ya mengine: gari likikaa foleni siku nzima, mimi nalipwaje? Kisha aulize nani anabeba gharama tairi likipasuka au mzigo ukipungua, bima inamhusu yeye au gari tu, na aliyeliendesha gari hilo kabla yake yuko wapi, ili ampigie.

Akauliza. La kwanza akajibiwa, "Hiyo ni kawaida ya kazi, utazoea." Namba ya dereva aliyetangulia hakupewa.

Wakati huo akawa amepata pengine, kampuni ndogo yenye njia fupi, mshahara wa mwezi, na posho ya kusubiri baada ya saa chache za kwanza. Hela yao inaonekana ndogo. "Baba mdogo, yule wa kwanza safari zikishikana nampita huyu mbali," akasema. Nikamwambia achukue pato la mwezi la kila upande aligawe kwa saa zote ambazo hatakuwa nyumbani kwake, zikiwemo za kulala chini ya usukani akilinda mzigo wa mtu mwingine. Akaligawa tukiwa kwenye simu. Yule wa kwanza akashuka chini ya wa pili, tena kwa mbali.

Hapo nikampa jibu lake. Kwa masharti ya hawa wa pili, kazi ina maisha, na aichukue. Miaka miwili mitatu ya njia fupi, chini ya dereva mkongwe atakayemfundisha mteremko, itamfanya awe mtu wa kuchagua tajiri badala ya kuchaguliwa.

Posho ya kusubiri wameitaja kwa mdomo tu. Ameomba iandikwe kwenye mkataba kabla hajapokea funguo. Wakiandika, anaanza mwezi ujao. Wasipoandika, ataendelea na gari lake dogo la kusambaza mizigo huku akitafuta wengine.